Maji ya ubatizo si ujira wa wokovu

Mhubiri mmoja anasema kwamba asiyezamishwa majini hawezi kuokoka, nami naona amegeuza zawadi kuwa ujira. Paulo aliwaandikia Waefeso (2:8) kwamba tumeokolewa kwa neema, kwa njia ya imani, na yule mhalifu msalabani aliahidiwa peponi bila kubatizwa. Hata hivyo ubatizo si wa kupuuzwa: mwaka 1886, kule Munyonyo, Uganda, Karoli Lwanga, mmoja wa mashahidi wa Uganda waliouawa kwa ajili ya imani yao, akijua kwamba kifo kimekaribia, aliwabatiza wakatekumeni (waliokuwa wakijiandaa kubatizwa), akiwemo Kizito, mdogo kuliko wote. Bibi yangu (jajja, kama tusemavyo huku) alibatizwa kitandani kwa maji ya kikombe cha chai, vidole vyake vikitetemeka juu ya blanketi. Je, naye angeambiwa maji hayakutosha?