Tume ya Misumeno

Mama watoto ametangaza kwamba stoo si makumbusho na kwamba ikifika jioni anataka kuona misumeno miwili tu ya mnyororo, kwa hiyo nimelazimika kuunda tume ya mtu mmoja kupima sifa za kila msumeno. Ule wa umeme niliuondoa mapema, kwa kuwa miti ina tabia ya kuota mbali na soketi; ikabaki mitatu ya petroli: wa Husqvarna, wa Stihl na mmoja wa tatu.

Tume ilivurugika alipoingia jirani bila hodi. Alisimama mbele ya Husqvarna, akavua kofia na kusema, “Mzee mwenzangu, kampuni hii ilianza mwaka 1689. Utathubutuje kuuza historia?” Nikamweleza kwa upole kwamba mwaka 1689 ilikuwa ikitengeneza bunduki za jeshi la Uswidi, na kwamba msumeno wake wa kwanza wa mnyororo ulitoka mwaka 1959, wakati Andreas Stihl, mwanzilishi wa kampuni shindani ya Stihl, alikuwa amefungua karakana yake Stuttgart, Ujerumani, tangu mwaka 1926. “Kumbe wewe ni mtu wa Stihl!” akasema, akarudisha kofia kichwani. Nikasema mimi ni mtu wa msumeno unaowaka. Basi akauchukua ule wa tatu, ambao maandishi ya chapa yamekwisha kufutika, akavuta kamba, akavuta tena, akafunga choki na kuendelea kuvuta hadi petroli ikafurika na plagi ikalowa chapachapa, kisha akaniambia, huku akihema, kwamba injini imezoea mkono wangu mbaya.

Jamani, mkono wangu umeingiaje hapo? Husqvarna na Stihl zote mbili zinakubali mililita 100 za oili kwa lita 5 za petroli, kwa hiyo dumu la mchanganyiko ni lilelile, na kelele ni zilezile. Linaloniumiza ni mnyororo: mmoja unanolewa kwa tupa ya milimita 4, mwingine 4.8, mkubwa 5.2, na ukikosea tupa, meno yanaharibika, msumeno unatoa unga badala ya vipande, halafu mkataji analaumu kiwanda. Nimeamua ubaki mdogo wa matawi na mmoja wa magogo, yaani ile miwili ambayo tupa zake ninazo, chapa ziende zikaelewane huko. Lakini ya 4.8 haimo kwenye boksi. Jirani anasema aliiazima kunolea jembe, na kwamba haikufaa sana.