Hadithi za kupokezana zinakufa mapema, na kanuni ndizo zinazoziua

Tangazo mnalijua, maana haipiti wiki hapa Dar bila kuliona kwenye stetasi ya mtu: shindano la hadithi ya kupokezana, waandishi kumi, kila mmoja sura moja, mshindi ni mwenye laiki nyingi, zawadi itatangazwa. (Hiyo "zawadi itatangazwa" mara nyingi huwa vocha.) Nimeshiriki baadhi, nimefuatilia nyingi zaidi kama msomaji, na karibu zote hufia njiani, sura ya nne au ya tano, watu wameshanuniana na admini amefunga grupu. Baada ya hapo lawama huwaangukia waandishi: hawana subira, hawasomi sura za wenzao, kila mmoja anajiona staa. Naona tunawaonea. Wengi wao wanafanya kile kile ambacho kanuni za shindano zinakilipa.

Tuseme sura ya kwanza inaanza hivi. Mama mmoja anapanda daladala Mbagala Rangi Tatu, amepakata ndoo ya bluu, mfuniko umefungwa kwa kamba ya katani. Konda anadai nauli ya ndoo. Mama anatoa hela bila ubishi, lakini akiambiwa aiweke chini anakataa katakata. Basi, sura imeisha. Ni mwanzo mzuri, umeacha kitu cha kushika. Sasa anaingia mwandishi wa pili. Huyu ana sura moja tu ya kuonekana, na laiki zinahesabiwa sura kwa sura. Kwa nini ahangaike na ndoo ya mtu? Anamuua mama kabla gari halijafika Mtoni kwa Aziz Ally, kisha anamleta mpelelezi wake mwenye miwani nyeusi. Wa tatu anaona mpelelezi ananoga kupita kiasi, anamgeuza jini. Wa nne kachoka, anatuandikia kwamba kumbe yote ilikuwa ndoto. Ndoo haijafunguliwa mpaka leo. Na aliyeongoza kwa laiki ni yule wa pili, kwa sababu maiti huleta komenti kuliko ndoo.

Haya hayatupati sisi peke yetu. Mwaka 2007 kampuni ya uchapishaji ya Penguin, pamoja na Chuo Kikuu cha De Montfort cha Uingereza, walifungua riwaya kwenye wiki, yaani tovuti ambayo yeyote anaweza kuihariri, anayetaka aingie aandike na, akipenda, afute. Waliojiandikisha walipita elfu moja. Kulikuwa na mtu anapachika ndizi kila penye nafasi. Zoezi lilidumu wiki tano hivi likafungwa, na lilichozaa hakisomeki kama riwaya. Kila mtu alikuwa na ruhusa ya kubadilisha, hakuna aliyekuwa na wajibu wa kuendeleza.

Sasa linganisha na wenzao wa miaka mingi kabla. Mwaka 1931 waandishi wa hadithi za upelelezi wa Detection Club, hao hao Uingereza, akiwamo Agatha Christie na Dorothy L. Sayers, waliandika riwaya moja kwa kupokezana sura. Kanuni zao zilikuwa chache lakini kali. Kila mwandishi alitakiwa awe na suluhisho lake kichwani, asiongeze mafumbo kwa ajili tu ya kumkomoa anayefuata, na vidokezo vyote walivyoacha waliomtangulia avishughulikie kwa uaminifu. Masuluhisho yao yakachapishwa mwishoni mwa kitabu. Mimi hicho cha mwisho ndicho kinachonikosha. Kwetu ni jambo rahisi mno: ukituma sura, mtumie admini inboksi sentensi mbili za unakoona hadithi inaelekea. Siku ya mwisho zote zinawekwa hadharani, wasomaji wacheke na wabishane.

Na wala hatukuhitaji kwenda London kujifunza adabu ya kumpokea mwenzako. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza kuchapwa hapa hapa Dar es Salaam mwaka 1923, lilikuwa uwanja wa washairi kujibizana. Mtu anatoa swali kwa shairi toka mkoa mmoja, anajibiwa na asiyemjua toka mkoa mwingine, na anayejibu anaifuata bahari ile ile, yaani aina ile ile ya shairi. Unaweza kumpinga hoja yake yote, lakini mizani yake huivunji. Ulikuwa ushindani hasa, watu walitupiana vijembe, ila ili ushinde ilibidi uonyeshe kwanza kwamba umemsoma.

Kwa hiyo pendekezo langu kubwa ni moja: pointi zitoke kwenye kuokotwa. Ukiacha kitu kwenye sura yako, mwandishi mwingine akakitumia mbele ya safari, unapata pointi. Aliyekiokota naye anapata. Mwandishi wa tano akiifungua ile ndoo juu ya pantoni, kati ya Kivukoni na Kigamboni, abiria wamejaa na mama hana pa kukimbilia, wa kwanza kaingiza pointi na wa tano kaingiza. Ghafla hakuna mwenye haraka ya kuua mhusika wa mwenzake, kwa kuwa kila kilicho hai ni mtaji wa mtu fulani, pengine hata wake yeye. Na kitu kikiokotwa baada ya kuruka sura mbili au zaidi, pointi ziwe maradufu, maana kukumbuka cha jana ni rahisi kuliko cha wiki iliyopita.

Kazi ya kuhesabu isimwangukie admini peke yake. Kila anayetuma aandike chini ya sura: nimeokota ndoo ya sura ya 1, nimeokota deni la konda la sura ya 2. Admini anahakiki tu. Masharti mawili hapo. Kitu kilichookotwa lazima kibadilishe jambo. Ndoo ikipita tu dirishani haihesabiwi. Pili, majina ya waandishi yafichwe hadi mwisho, la sivyo nawajua watu wa mji huu, zitaanza "niokote nikuokote" usiku ule ule.

Laiki nazo zipumzike. Ukiwa na shangazi mwenye grupu tatu za kikoba na binamu kwenye kwaya, umeshashinda kabla hujaandika neno. Wasomaji wapige kura mara moja tu, hadithi ikiisha, wakiipigia hadithi nzima. Na kabla ya kupiga kura wajibu swali moja dogo: kamba ya ile ndoo ilikuwa ya nini?

Kuna dhuluma nyingine ambayo sijaona waandaaji wakiigusa. Anayefungua hadithi na anayeifunga hawafanyi kazi moja. Wa kwanza ana uwanja mweupe, wa mwisho anarithi madeni ya watu tisa, halafu mnawapima kwa kipimo kimoja. Bora waandishi sita na hadithi tatu zinazokwenda sambamba. Kila mtu aandike sura moja katika kila hadithi: kwenye moja awe mwanzoni (sura ya 1 au ya 2), nyingine katikati (ya 3 au ya 4), nyingine mwishoni (ya 5 au ya 6). Kila hadithi inapata sura sita, na kila mwandishi anapimwa kwenye kuanza, kubeba na kufunga. Tena hadithi moja ikiharibika, mbili zimebaki.

Mambo ya bando nayataja haraka. Sura maneno mia tano, ibandikwe kwenye meseji yenyewe, mafaili ya kupakua yawekwe kando. Mwisho wa kutuma uwe saa tatu usiku, si saa sita, kwa sababu umeme ukikatika saa tano hakuna wa kumgongea mlango. Na awepo mwandishi wa akiba anayefuatilia hadithi zote tatu, mtu akipotea yeye anaziba ndani ya siku moja.

Halafu hadithi ikiisha ni ya nani? Hili linaachwa mpaka siku mtu anaisikia YouTube, imesomwa kwa sauti nzito na muziki wa kutisha, jina la msimulizi tu ndilo linaonekana. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inaitambua kazi iliyotungwa na watu kwa pamoja, lakini sheria haitakugawieni hela ambazo hamkuzizungumzia. Tangazo la shindano liseme kabla ya sura ya kwanza: nani ana ruhusa ya kuirekodi au kuichapa, ridhaa ya wangapi inatakiwa, na kitakachopatikana kinagawanywaje. Napendelea kigawanywe kwa idadi ya sura, sawa kwa sawa, na aliyeshinda achukue zawadi yake pembeni. Mwandishi wa akiba naye ahesabiwe kwa kila sura aliyoziba.