Panya wa 25

Nilipompigia mama kule Moshi anitumie magome ya msesewe, alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Mwanangu, nimeuza ndizi ili usome, leo unapika mbege bwenini?"

"Si mbege, mama. Ni ya panya."

Bora ningekubali tu kwamba napika mbege.

Msesewe, mti huo ambao magome yake hutia uchungu kwenye mbege, pombe yetu ya ndizi, ni ndugu wa mmea wa India ambao mizizi yake ilitoa reserpini mwaka 1952, mojawapo ya dawa za mwanzo kabisa za kuwatuliza wagonjwa wa skizofrenia, ugonjwa wa akili unaoweza kumfanya mtu asikie sauti zisizokuwepo. Nikataka kujua kama huyu wetu wa Uchagani naye ana lolote. Sasa panya hawezi kukwambia anasikia sauti. Unamchoma ketamini, dawa ya usingizi inayoweza kuleta dalili kama hizo, kidogo tu, isiyofikia ya kumlaza, naye anaanza kuzunguka sandukuni kama abiria anayemtafuta konda aliyeondoka na chenji yake. Unahesabu mistari anayovuka. Aliyetanguliziwa msesewe akivuka michache, unaanza kujiona profesa.

Nilikuwa na madume 24, kila mmoja na alama yake ya makapeni mkiani. Baada ya kila panya, sanduku linapanguswa kwa spiriti ya asilimia 70 ili anayefuata asisikie harufu ya mwenzake. Mimi na haraka zangu sikungoja likauke. Nikawa nawatoa kwa kuwashika mkia, nawatia wote kwenye ndoo moja ili nioshe vizimba. Nilipotazama glovu zangu, zilikuwa na rangi zote: nyekundu, kijani, nyeusi. Nikachungulia ndooni. Mikia ilikuwa mipinki, misafi, kama imetoka saluni.

Nikawahesabu: 25. Nikajilaumu kwa hesabu mbovu, nikaendelea.

Nikajipa moyo kwamba tabia zao zitawasema. Wale wanaokimbizana na kung'atana, hao ni wa ketamini tupu. Pembeni alikuwepo mmoja ametulia, ananawa uso taratibu kama mzee anayejiandaa kwa ibada. Msesewe huo! Nikamnyanyua, nikakimbia naye hadi kwa Dokta, msimamizi wangu.

"Dokta, imefanya kazi! Mtazame alivyotulia!"

Dokta akamgeuza tumbo juu. Akavua miwani, akaipangusa, akaivaa tena.

"Huyu ni jike."

"Ndiyo, Dokta."

"Utafiti wako una majike?"

Hapo ndipo nikakumbuka kile kizimba cha pembeni, cha mwenzangu anayetafiti kisukari, ambacho nacho nilikimimina ndooni kwa moyo wa kujitolea.

Wiki tatu baadaye mama akapiga. "Vipi, ile dawa yangu imefanya kazi?"

Nikatazama kizimbani. Vitoto saba vyekundu, kila kimoja kama haragwe, na mababa watarajiwa 24 wasio na alama.

"Imefanya, mama. Tena sana."