Wauze karanga, lakini daftari walishike wao

Timu nyingi za watoto mitaani kwetu hapa Dodoma hazina mfadhili. Ikija safari ya kwenda kucheza Singida, kilomita kama 240, wazazi tunachangishwa, au watoto wanapewa karatasi ya mchango wapite nayo madukani Majengo na kwenye vijiwe vya bodaboda. Hili la karatasi silipendi. Mtoto wa miaka kumi anayesimama mbele ya mangi na karatasi yenye mhuri wa mtaa anajifunza kuinamisha kichwa tu. Huko ni kutembeza bakuli, hata tukikuita kuchangisha. Na tangu elimu bila malipo ianze 2016, watu wakisikia neno mchango wanakunja uso. Siwalaumu.

Kuuza kitu ni habari nyingine, na huku kwetu vya kuuza havikosekani: karanga, ubuyu, na zabibu zikiwa msimu. Tuseme watoto wamenunua karanga, chumvi, mkaa na karatasi za kufungia kwa 12,000, wakauza wakapata 20,000. Waulize wamepata ngapi, watakujibu kwa kelele: elfu ishirini! Hapo ndipo kazi inapoanza. 12,000 ni mtaji, inarudi sokoni. Ya kununulia mpira ni 8,000, na ingekuwa zaidi kama wasingetafuna nyingine njiani. Halafu kuna anko wa kijiweni aliyechukua pakiti mbili akaahidi kulipa jioni. Jioni hayupo. Darasani wanapiga hesabu ya faida na hasara kwa sababu mwalimu kasema; hapa wanaipiga kwa sababu wanazitaka njumu.

Ndiyo maana nashikilia kwamba daftari washike watoto wenyewe. Nilivyozoea kuona, hela anakaa nayo mzazi mmoja, kocha anapanga matumizi, watoto wanashtukia jezi zimefika. Hao wamefundishwa uchukuzi. Wachague mweka hazina wao, asome mapato na matumizi mbele ya wenzake baada ya mazoezi, na kocha akitaka hela ya maji aombe kama wengine. Kuna makocha hawatalipenda hilo. Basi.

Sheria ya Mtoto ya 2009 inaweka miaka 14 kuwa umri wa chini wa kuajiriwa, kwa hiyo tusije tukageuza timu kuwa genge la wamachinga. Jumamosi asubuhi, mtu mzima akiwa karibu, inatosha. Stendi usiku hapana.

Kinachonikera zaidi ni mashindano ya nani kauza sana. Mtoto mwenye baba kwenye ofisi za serikali kule Mtumba hahangaiki: baba anabeba ndoo nzima kazini, na kabla ya chai ya saa nne imekwisha, maana nani atamkatalia bosi? Mwenzake mama yake anauza karanga hizo hizo pale sokoni. Huyu atamuuzia nani? Wateja wake ndio wateja wa mama yake. Ukibandika ukutani orodha ya majina na kiasi alicholeta kila mmoja, umewafundisha kwamba kinacholipa ni kuwa mtoto wa fulani. Kibaya zaidi ni pale aliyeleta nyingi anapoanza mechi, na beki wa maana anakaa benchi. Watoto wanaliona hilo upesi kuliko sisi. Hela iingie chungu kimoja, bila majina, na namba zipangwe kwa mpira.

Na zisipotimia? Kawaida wazazi tunatoa za mfukoni dakika za mwisho, safari inakwenda kama ilivyopangwa, na watoto hawajui kama zilipungua. Mimi ningewaachia daftari lao waamue. Wakiona haifiki Singida, watafute timu ya Bahi wacheze nayo. Barabara ni ile ile, na nauli wanaimudu.