Manesi wanaolalamikia mfumo sio kwamba wanaogopa kompyuta

Hospitali ikitangaza inaacha mafaili ya karatasi, nesi akilalamika tu anaambiwa ameng'ang'ania ya kizamani. Mi naona hawa watu hawasikilizwi. Faida za kompyuta sizibishi, faili halipotei masjala, mwandiko unasomeka, dawa ikigongana na aleji ya mgonjwa mfumo unaonya, na kimbunga Katrina kilipopiga New Orleans 2005 mafaili mengi ya karatasi yaliharibika kwa maji wakati rekodi za wanajeshi wastaafu, zilizokuwa kwenye kompyuta, zilifunguliwa kwenye hospitali za miji mingine.

Ila mwaka huohuo ulitoka utafiti wa hospitali ya watoto ya Pittsburgh, Marekani. Walipoanza kuwaandikia wagonjwa dawa kwa kompyuta, vifo vya watoto waliohamishiwa pale kutoka hospitali zingine vilipanda kutoka asilimia 2.80 hadi 6.57. Hiyo namba mi inanikaa rohoni. Kabla ya hapo ambulensi ikiwa bado njiani timu inapiga redio, maagizo yanaandikwa, mtoto anafika vitu viko tayari. Mfumo mpya ukakataa agizo lolote mpaka mtoto afike na asajiliwe, halafu dawa moja inataka kubonyeza kama mara kumi, dakika moja mpaka mbili, wakati kwa kalamu ni sekunde chache. Mtoto anayehangaika kupumua anazitoa wapi hizo dakika?

Utaambiwa hospitali ya watoto ya Seattle, mji mwingine wa Marekani, waliweka mfumo huohuo na vifo havikupanda. Kweli kabisa, lakini Seattle walikuwa wameshaandaa seti za maagizo ya wagonjwa mahututi, yaliyopangwa pamoja tayari kuchaguliwa, kabla ya kuwasha mfumo, yaani kazi ya wodini ilifikiriwa kwanza ndo mashine ikafuata, na hiki ndicho manesi wanachokiomba kila siku halafu kinaitwa ukaidi.

Na muda je? Utafiti wa Marekani wa 2016 ulikuta kila saa moja daktari anayokaa na wagonjwa, karibu mbili zinaishia kwenye kompyuta na kazi za mezani. Gharama hii haiandikwi kwenye bajeti, zinaandikwa seva na leseni tu.

Sisemi turudi kwenye karatasi. Nasema nesi wa zamu ya usiku akae na mfumo wiki kadhaa kabla haujawashwa, awe na haki ya kusema hapa bado, na fomu za karatasi zibaki wodini, maana virusi vya kompyuta vya WannaCry, vinavyofunga mafaili na kudai pesa, vilipoingia hospitali za Uingereza 2017 wahudumu waliofungiwa kompyuta walirudi kwenye kalamu siku hiyohiyo.