Shangazi alivyokataa kuokoka

Nianze kwa kukiri kabisa, kosa ni langu, dogo wa watu hana hatia.

Nina kaprogramu kangu ka kutunza mahesabu ya kikoba, hisa, mikopo, marejesho, faini, mfuko wa jamii, mambo hayo. Ni programu huria, yani kodi yake, yale maandishi yanayoiendesha, iko wazi mtandaoni, yeyote anaisoma, anairekebisha, anaichukua bure. Shangazi nilipomwambia "kodi iko wazi" akaniuliza TRA wanajua? nikaacha kueleza.

Miaka miwili nimeiandika peke yangu kama mlinzi wa zamu ya usiku. Oktoba 2021 nikasema hapana, safari hii naita watu. Wanaoijua Hacktoberfest wanaijua, ni kampeni ya kila Oktoba ya kuchangia programu huria, ipo tangu 2014, na huo mwaka 2021 ukituma marekebisho manne kwenye miradi huria yakakubaliwa, na ukiwahi, unapata tisheti. Sasa 2020 watu waliitaka hiyo tisheti mpaka wakaharibu, mtu anaongeza neno moja la hovyo kwenye maelezo ya mradi wa wenzie, anatuma, anahesabu moja, wenye miradi wakalia weee mpaka waandaaji wakabadili sheria mwezi ukiwa unaendelea, ikawa mradi ambao haujajiandikisha hauhesabiwi. Mimi nikajiandikisha, nilikuwa na njaa ya watu.

Na nilishajua wageni wanakimbia kwa sababu wanajibiwa kwa ukali au hawajibiwi kabisa, kwa hiyo nikaandika kwa herufi kubwa KARIBUNI, HAKUNA SWALI LA KIJINGA, HAPA HUWEZI KUHARIBU KITU. Nikachagua kazi moja nikaipa lebo "nyepesi, ya kuanzia": kutafsiri maneno ya kwenye vitufe na ujumbe, kama 140 hivi, toka Kiingereza kuja Kiswahili. Nyepesi eti.

Akaja dogo mmoja wa chuo mwaka wa kwanza, hajawahi kugusa Git (chombo cha kutunza na kutumiana kodi) maishani, heshima tele. Akauliza, "Kaka samahani, hii Fine ni ipi?" Mimi niko kwenye daladala nimesimama, mkono mmoja bombani, nikamjibu usiogope, weka unaloona sawa! Baadae akauliza save ni okoa au okoka. Nikamwekea dole gumba. Dole gumba jamani, kwa swali lenye majibu mawili.

Usiku akatuma kazi. Nikaona vipimo vyote vimepita, tiki za kijani zimejipanga (vile vipimo vinaangalia mabano na koma tu, Kiswahili havijui), nikaimeji, yani nikaiingiza kwenye programu, bila kusoma hata mstari mmoja, nikamwandikia hongera na vifataki kibao, nikatoa toleo jipya. Na kwa ujanja wangu programu nilishaifanya ijisasishe yenyewe kila ilipo, ikiwemo laptop ya kikoba cha shangazi Mbagala, ambako yeye ndo mweka hazina.

Wiki ya nne shangazi anapiga.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. We mtoto, umeingia dini gani siku hizi?"

Nikajua kuna mtu kanichongea. Kumbe.

"Hiki kidude chako kila nikitaka kukifunga kinaniuliza, Je, unataka kuokoka kabla ya kuondoka? Mie nimekwenda Makka nikarudi, leo niulizwe na kompyuta? Halafu kuondoka kwenda wapi? Kimejuaje?"

"Sasa shangazi ukabonyeza nini?"

"Hapana! Jumamosi ya kwanza Hapana. Ya pili Hapana. Ya tatu nikakibonyeza kwa hasira."

Nikakaa chini. Jumamosi tatu, wanachama 28, hisa na marejesho yote, hakuna hata shilingi moja iliyohifadhiwa.

Nikafungua lile faili, ndo mara yangu ya kwanza kulisoma hahaha. Kitufe cha kurudi nyuma, Back, kimeandikwa "Mgongo". Riba, Interest, imekuwa "Hamu", mkopo wa laki tano, hamu asilimia kumi. Na ile Fine sasa, faini ya kuchelewa, imeandikwa "Nzuri". Kuna mama anauza chapati hajawahi kuwahi kikao tangu kikoba kianze, akaonyeshwa kwenye skrini jina lake, mbele yake Nzuri: 2,000, akafurahi, akaanza kuulizia hiyo elfu mbili yake anapewa lini.

Ila muangalie dogo kilichomkuta, faili langu lilikuwa maneno matupu, Fine imekaa peke yake haina hata maelezo kwamba inatokea ukurasa gani, na alipouliza nilimpa dole gumba. Aliomba radhi mpaka akataka kufuta akaunti, nikamwambia ukifuta wewe na mimi nafuta.

Jumapili nikaenda Mbagala. Kilichotuokoa, samahani, kilichotuhifadhi, ni kwamba shangazi hajawahi kuiamini kompyuta hata siku moja, kila kitu alikuwa anaandika na kwenye kaunta buku. Yeye anasoma, mimi naingiza, toka saa nne mpaka magharibi, na kila jina la tano ananikumbusha Makka.

Dogo akarekebisha tafsiri yote, tena akaongeza safu ya maelezo pembeni ya kila neno, linatumika wapi, linafanya nini. Siku hizi tafsiri anaidhinisha yeye. Mwezi uliopita nilituma mabadiliko yangu kwenye mradi wangu mwenyewe akayakataa, kaandika, "Kaka, hii balance ni ipi?"

Toleo jipya linauliza tu, Je, nihifadhi kazi yako? Shangazi karidhika. Aliyenipigia safari hii ni mwenyekiti wao, mama mmoja mlokole wa kule kule, sauti ya upole kabisa.

"Mwanangu, kile kiswali mbona mmekitoa? Kuna wawili walikuwa wameshaanza kulegea."