Chicago wanajua kukutana, Kariakoo wanajua kuaminiana

Naliweka wazi tangu mwanzo: kwenye kufahamiana kibiashara, Wamarekani wametuzidi katika kukutana, nasi tumewazidi katika kuaminiana. Mfanyabiashara anahitaji vyote viwili. Ila nikilazimishwa kuchagua, nachukua cha Kariakoo. Kinachonisukuma kuandika ni kwamba kila nikija likizo Dar nakuta vijana wenye akili na bidii wanalipa kiingilio kwenye kumbi za hoteli ili wakabadilishane kadi na kupiga picha, huku kikao cha harusi cha jirani yao wakikikwepa kwa madai kwamba kinawapotezea muda. Mimi naona wamegeuza mambo kichwa chini miguu juu.

Kazi yangu hapa Chicago ni uhasibu. Naandaa hesabu na ritani za kodi za biashara ndogo: mafundi, wenye saluni, wenye malori, mama mmoja mpishi anayepika kwa ajili ya sherehe. Kazi ya namna hii matangazo hayaitoshi. Mtu hamkabidhi mgeni risiti zake za mwaka mzima, pamoja na madeni ambayo hata mkewe hayajui, kwa sababu tu ameona bango. Anakuja kwa sababu mtu anayemwamini amemwambia, "Nenda kwa yule." Kwa hiyo suala la nani ananifahamu na ananifahamuje, kwangu ni suala la ugali.

Huku kukutana kumepangwa kweli kweli. Vitongoji vingi vina chama cha wafanyabiashara. Kuna mikutano ya saa moja asubuhi yenye kahawa na mayai. Kuna vikundi kama BNI, kilichoanzishwa na Ivan Misner kule California mwaka 1985, ambamo kila fani inatoa mtu mmoja tu na wanachama wanakutana kila wiki kupeana wateja. Unaingia, unabandika jina lako kifuani, unamimina kahawa. Zamu yako ikifika unasimama na dakika yako moja: wewe ni nani, unafanya nini, unatafuta mteja wa aina gani. Hakuna anayeuliza wewe ni mtoto wa nani, umetoka mkoa gani, unasali wapi. Niliposimama kwa mara ya kwanza, na lafudhi yangu ya nyumbani, walinisikiliza sawasawa na walivyomsikiliza wakili aliyekaa pembeni yangu. Heshima ile siisahau.

Na kuna jambo moja la huku ambalo natamani lihamie nyumbani hata kesho. Mtu akiona kwamba watu wawili anaowafahamu wanafaa kujuana, anawaandikia wote wawili barua pepe moja. Anamweleza huyu habari za yule kwa mistari miwili, anamweleza yule habari za huyu, kisha anajiondoa. Hadai chake. Fundi wa kupaka rangi, ambaye tulikuwa tumezungumza mara chache tu, aliniunganisha namna hiyo na mwenye duka la mikate, na yule wa mikate ni mteja wangu hadi leo. Fundi hakurudi kuniuliza chochote. Mimi ndiye niliyempigia kumshukuru.

Nyumbani tunawabania watu wetu. Dalali hataki mwenye nyumba na mpangaji wapeane namba za simu. Winga wa Kariakoo atakuzungusha duka hili na lile, lakini hakuachi ukae na mwenye duka mkazungumza, maana kesho utakuja peke yako. Hao siwalaumu, riziki yao iko hapohapo katikati. Ninaowalaumu ni wenye ofisi na mishahara, ambao nao wanazificha namba kana kwamba zikigawanywa zitapungua. Matokeo yake koneksheni kwetu zinarithiwa. Mwenye mjomba ofisini anasikia habari za tenda mapema, asiye na mjomba anazisoma gazetini muda ukiwa umekwisha. Kuna watu wazuri sana wa kazi mikoani ambao hawatafahamika maisha yao yote, kwa sababu hakuna aliyewashika mkono akasema, "Huyu namjua, msikilizeni."

Hasara hiyo inaonekana hata kwa wataalamu. Mwaka 1973 mwanasosholojia wa Kimarekani, Mark Granovetter, alichapisha utafiti uliokuja kuwa maarufu sana. Aliwachukua watu wa kitongoji kimoja cha Boston waliopata kazi kupitia mtu wanayemfahamu, akawauliza walikuwa wakionana na mtu huyo kiasi gani. Waliosema wanaonana naye mara nyingi hawakufika hata asilimia 17. Waliobaki walisaidiwa na watu wanaoonana nao mara mojamoja, au kwa nadra. Ukifikiri unaelewa: ndugu na marafiki wa karibu wanajua yaleyale unayoyajua wewe, habari mpya inatoka kwa mtu wa mbali kidogo. Wahenga wetu walishasema mgeni njoo mwenyeji apone. Kwenye sherehe tunaukumbuka msemo huo, kwenye biashara tunausahau.

Sasa niseme kwa nini pamoja na hayo yote bado nachagua cha kwetu.

Ukikaa Chicago huwezi kuzungumzia mambo haya bila kumtaja Paul Harris. Alikuwa wakili, aliyelelewa na babu na bibi yake katika mji mdogo wa Wallingford, Vermont, mahali ambapo watu walijuana. Alipohamia Chicago akakutana na upweke wa jiji: wateja alikuwa nao, wenzake hakuwa nao. Tarehe 23 Februari 1905 alikutana na muuza makaa ya mawe, mhandisi wa migodi na fundi wa nguo katika ofisi ya mmoja wao, jengo la Unity, Mtaa wa Dearborn. Wakaanza kukutana kwa zamu, leo ofisi ya huyu, kesho ya yule, na zamu hizo ndizo zilizozaa jina la chama chao, Rotary. Walikusudia pia kupeana biashara na hawakuficha. Lakini haikuchukua miaka mingi wakaanza kuhangaikia choo cha umma katikati ya mji, jambo ambalo halikumwingizia fundi wa nguo hata mteja mmoja. Leo makao makuu yao yako Evanston, hapa jirani, na klabu zao ziko mpaka Dar, Moshi, Nairobi na Mombasa. Mtu ametoka mahali penye ujirani, akaukosa mjini, akaamua kuutengeneza upya kwa mikono yake. Mhamiaji yeyote anamwelewa.

Vikundi vingi vya asubuhi nilivyopitia vimebaki na zamu na kanuni. Ujirani umebaki kidogo.

Katika kikundi kimojawapo kulikuwa na fundi bomba, mtu wa makamo, tuliyezoea kukaa meza moja. Mama yake akafariki. Mwenyekiti akatangaza, tukanyamaza kidogo, kadi ya pole ikazungushwa tukasaini, ajenda ikaendelea. Misiba ya huku, familia inasimama jioni kwa saa chache kwenye ukumbi wa kampuni ya mazishi, jeneza likiwa mbele. Watu wanaandika majina kwenye kitabu mlangoni, wanapita kutoa mkono, wanaondoka. Mimi na mke wangu tulikwenda. Wakati wa kuandika majina yetu nilipitisha macho juu ya ukurasa nikitafuta mtu wa kikundi chetu. Sikumwona hata mmoja. Tulipofika mbele, yule fundi alinishika mkono, hakuuachia kwa muda, akasema, "Hukuwa na lazima ya kuja." Kwake yalikuwa maneno ya shukrani. Mimi nimekulia mahali ambapo asiyekuja ndiye anayetakiwa kujieleza.

Wale wenzetu si watu wabaya. Walituma maua na waliamini wametimiza yote yanayostahili, kwa sababu kwao kazi ina saa zake na maisha ya mtu ni yake mwenyewe. Mke wangu alipika pilau tukampelekea nyumbani wiki ile, tukakaa naye sebuleni, akatuonyesha picha za mama yake akiwa msichana. Hatukuzungumza kodi wala mabomba. Tangu siku hiyo mimi na yule mzee ni ndugu. Januari moja bomba la nyumbani kwetu liliganda Jumapili usiku, na Januari ya Chicago si ya mchezo. Alikuja na vifaa vyake, akalala chali chini ya sinki mpaka usiku wa manane, na pesa akaikataa. Watoto wake wakubwa wote wananiletea hesabu zao sasa. Watu wa kikundi ambao nimewapa kadi yangu kwa miaka wangenipita barabarani.

Hiki ndicho Kariakoo wanachokijua, na wanakijua bila kusomeshwa. Baba yangu mdogo anauza vitenge kwa jumla Mtaa wa Uhuru. Wateja wake wengi wako mikoani. Mtu wa Kahama anayekuja kwake mara ya kwanza ananunua taslimu, kidogo. Anarudi, anaongeza. Safari nyingine anapungukiwa, anaachiwa mzigo alipe akiuza. Jina lake linaandikwa kwenye kaunta buku, na namba ya simu, na chini yake jina la mtu anayemdhamini. Hakuna mkataba wala mwanasheria. Baada ya muda haji tena Dar. Anapiga simu tu:

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Za Kahama? Mama ameshatoka hospitali?"

"Ametoka mzee, anakusalimu sana. Nilikuwa naulizia ule wa maua ya bluu."

"Upo. Kesho asubuhi nautoa."

Robota linapelekwa stendi ya Mbezi, linapakiwa basi la Kahama, na pesa inaingia kwenye simu vitenge vikishauzwa. Ndiyo mali kauli. Lile swali la mama si adabu ya kupitisha. Baba mdogo anajua mama yule anaumwa nini, na mama huyo alipofiwa na mumewe, baba mdogo alifunga duka akapanda basi kwenda kuzika. Wapo wanaokimbia na mzigo, na wameliza watu, hilo nalijua. Lakini Soko Kuu la Kariakoo lilipoungua usiku wa tarehe 10 Julai 2021, mama mmoja jamaa yetu aliyekuwa na kizimba mle hakubaki na kitu, wala bima hakuwa nayo. Waliomwinua ni wenye mzigo wa jumla waliomwambia achukue aanze upya, watahesabiana baadaye. Nimetafuta mahali hapa Marekani ambapo kadi na dakika moja ya kujieleza zingemletea mtu jambo kama hilo. Sijapaona.

Ndiyo maana vikao vya harusi navitetea mbele ya vijana wanaoviona ni mzigo. Fikiria kinachofanyika pale. Watu wasiojuana sana wanakaa pamoja majuma kadhaa wakikusanya fedha isiyo yao. Kila mmoja anatoa ahadi hadharani, katibu anaandika. Utaona nani analipa kabla ya kukumbushwa na nani hapokei simu za mweka hazina. Utaona mweka hazina anayesoma mapato na matumizi mpaka shilingi ya mwisho, na yule ambaye hesabu zake kila wiki zina maelezo marefu. Utaona anayechelewa, anayegomba, anayebaki kupanga viti wengine wakishaondoka. Ukitoka pale unajua ni nani unaweza kufungua naye duka. Mimi ninayeishi kwa kusoma hesabu za watu nakwambia kwamba tabia ya mtu nimeijua zaidi kwenye kamati za harusi kuliko kwenye vitabu vyake vya biashara.

Kasoro yetu ni kwamba yote haya tunayafanya tukiwa tumejifungia. Kamati ni ya ukoo, ya kanisa moja, ya msikiti mmoja, ya waliosoma pamoja. Hata huku ughaibuni tumeihamisha kasoro hiyo: Watanzania tunachangiana mwili wa marehemu ukafika nyumbani, jambo kubwa na la kujivunia, lakini kwenye biashara tunauziana sisi kwa sisi, na jirani Mmeksiko mwenye karakana hatujawahi kumkaribisha chai.

Juzi kijana mmoja wa Mbagala, fundi wa kufunga kamera za ulinzi, aliniandikia akiomba ushauri: kuna kongamano la wajasiriamali kwenye hoteli moja kubwa, kiingilio kinamtia hofu, je, aende? Nilimwambia pesa ile aitoe mchango kwenye harusi ya mtaani kwao na ajitolee kuwa mweka hazina. Akusanye, asome hesabu kila kikao bila kuombwa, arudishe salio. Katika kamati ile atakutana na MC, mpambaji, mwenye ukumbi, mwenye gari la matangazo. Awaulize kila mmoja anatafuta mteja wa namna gani. Kisha kila anapokutana na anayemhitaji mmoja wao, awaandikie wote wawili ujumbe mmoja wa WhatsApp, awatambulishe vizuri kwa majina na kazi zao, halafu akae pembeni bila kudai cha juu, hata kama aliyemtambulisha ni wa dini nyingine na wa mkoa ambao hajawahi kufika.

Aliuliza kama aseme kwamba yeye anafunga kamera. Nilimjibu kwamba wakishamwamini na fedha za harusi, wenyewe watamuuliza anafanya kazi gani.